Gari la Mtaliano na Sufuria ya Mpishi

Mimi magari siyapendi. Nalisema hili mapema ili asije mtu akadhani nitamweleza habari za injini na mwendo. Gari kwangu ni kitu cha kukutoa hapa kukufikisha pale, na huku Stockholm kazi hiyo treni inaifanya vizuri zaidi, tena haikudai ukwangue barafu kwenye kioo asubuhi. Lakini kuna gari moja lililoninyima raha kwa karibu mwaka mzima, na siku lilipoondoka nilishusha pumzi mpaka mume wangu akauliza nani amekufa. Nikamwambia hajafa mtu, kuna mtu amepona.

Miaka ile tulikuwa tunakaa Fisksätra, na mimi nilikuwa nafanya kazi ya kuwahudumia wazee majumbani mwao. Unakwenda kwa mzee, unamwogesha, unampa dawa, unampashia chakula, unaaga, unakimbilia kwa mwingine. Wazee wangu wengi walikuwa Saltsjöbaden, vituo vichache tu mbele kwa treni ileile, lakini ukishuka pale unadhani umevuka mpaka wa nchi: nyumba za mbao zenye bustani, mashua zimefunikwa maturubai, na kimya. Nyumba ya bibi mmoja ilikuwa juu ya kilima, ngazi zake za mawe zimejaa barafu. Siku ya kwanza niliteleza mlangoni kwake, nikaangukia goti, nikazilaani zile ngazi kwa Kiswahili, na aliyezijenga, na mama aliyemzaa aliyezijenga. Mlango ukafunguliwa.

"Pole, binti," akasema bibi wa Kizungu, ameegemea kitembezi chake cha magurudumu. "Hii ngazi alijenga bwana yangu. Na mama yake alikuwa mutu muzuri sana."

Nilitamani barafu ipasuke inimeze. Yeye akacheka mpaka akashika kifua, akanivuta ndani, akaniambia kahawa iko mu jiko. Alikuwa mkunga wa misheni huko kwetu Kongo, milimani kusini ya Bukavu, kabla mimi sijazaliwa. Kiswahili chake kilikuwa kile cha wazee wetu, cha kuchota maji na kushika watoto, hakikuharibiwa na redio wala shule. Mumewe alikuwa fundi wa misheni: malori, majenereta, mapaa ya makanisa, na Jumapili akihubiri. Alikuwa amefariki mwaka uliotangulia.

Tangu siku hiyo nilimpenda, na nilikuwa nampanga mwisho katika zamu yangu ili nipate kukaa. Tuliongea habari za barabara ambazo sasa hazipo, na za wanawake aliowazalisha. Alinionyesha picha. Hakunionyesha gereji. Ilipita miezi kadhaa ndipo aliponipa ufunguo siku moja akasema, "Teremuka chini, ufunue kile kitambaa, kisha urudi uniambie umeona nini."

Nilifunua. Niliona gari dogo, la chini mno, limejikunja kama paka anayevizia. Rangi yake nyekundu ilikuwa imebanduka nusu, na palipobanduka palikuwa peupe pa alumini, si chuma. Hakukuwa na jina la kiwanda mbele wala nyuma. Nikarudi juu nikamwambia nimeona gari bovu.

"Hilo gari bovu," akasema, "banasema liko moja tu katika dunia."

Hadithi yenyewe ilikuwa hivi. Jirani yake mmoja, mpenzi wa magari ya kale, alikuwa amelipiga picha na kuzituma Turin, Italia. Kabla wiki haijaisha, mtaalamu wa magari wa huko akapanda ndege akaja. Alikuwa mtu mfupi mwenye viatu laini, alilizunguka gari, kisha akapiga magoti kwenye sakafu ya saruji akatia kichwa chini ya madigadi, na alipotoka macho yake yalikuwa mekundu. Lilikuwa gari la mfano. Waundaji wa bodi huko Turin walilitengeneza moja peke yake, walionyeshe kwenye maonyesho, kiwanda kikilipenda kitengeneze mengi. Kiwanda hakikulipenda. Wote waliohusika waliamini lilikatwakatwa likayeyushwa. Kumbe lilinunuliwa na Mtaliano aliyekuwa na shamba la kahawa Kivu, likapakiwa meli hadi Mombasa, likapanda reli, likavuka nchi, likafika kwenye barabara zetu za matope. Gari la kushindana mwendo, Kivu! Nilipoyasikia hayo nilisema Mtaliano yule alikuwa na hela nyingi kuliko akili.

Mtaalamu alikuwa ameyafuatilia yote hayo kwa subira ya mwindaji. Alijua nani aligonga nyundo kwenye boneti. Alijua meli. Lakini historia aliyoifuatilia ilikuwa na shimo katikati: gari lilitokaje mkononi mwa Mtaliano mwenye shamba likaingia mkononi mwa fundi wa misheni? Mtaliano alifia kwao bila mke wala mtoto. Jumba la makumbusho la huko Italia lilikuwa tayari kulipokea gari na kulitunza, ila mtaalamu alisema, kwa adabu sana, kwamba ingekuwa vizuri kujua.

Kwa mtaalamu ilikuwa "ingekuwa vizuri" tu. Kwa yule bibi ilikuwa kufa na kupona.

Maana hata yeye hakujua. Wakati wa machafuko baada ya uhuru, misheni iliwatoa wanawake na watoto kwanza. Yeye alikwisha rudi Sweden na mimba. Mumewe akaja baadaye, na gari likaja nyuma yake, limefichwa katikati ya mizigo ya misheni. Akamwambia, "Nilipewa," basi. Kanisani kwao huku maneno yakawa mengi: wengine wanarudi kutoka kwa Mungu na malaria, huyu amerudi na gari la kitajiri. Mtu yule alikuwa mpole, aliona haya, akalifunika kitambaa na hakuliendesha hata siku moja. Mkewe alimwamini miaka zaidi ya arobaini. Kisha uzeeni mume akapatwa na ugonjwa wa kusahau. Kiswidi kikamtoka, kikabaki Kiswahili. Na katika miezi yake ya mwisho alikuwa anamshika mkewe mkono, anasema neno moja tu tena na tena: "Si yangu. Ile motokari si yangu."

"Sasa nielewe namna gani?" bibi akaniuliza. "Mutu anapokaribia kufa, anasema kweli. Kama aliiba, alihubiri miaka yote na wizi ukiwa chini ya miguu yetu. Mimi niko na miaka mingi, binti. Sitaki kwenda kumukuta kule bila kujua nitamusalimia mutu gani."

Kisha akaniomba nimsaidie kuuliza. "Ninyi ndio watu wa kule," alisema. Mimi na hasira zangu nyingi sina moyo wa kumnyima mzee kitu, nikakubali.

Kuuliza si ujinga, lakini kuna namna za kuuliza zinazokuacha mjinga zaidi ya ulivyokuja. Kanisa letu lilikuwa linakutana Vårby gård, katika ukumbi wa kupanga, Wakongomani wengi na Warundi na Wanyarwanda, na baada ya ibada tunakula. Hapo ndipo habari zote za Kivu zinapopita. Nilisimama kwenye foleni ya wali nikatangaza kwamba natafuta anayejua gari jekundu la Mtaliano. Wanaume wakaamka! Mmoja alisema lilikuwa la gavana. Mwingine akasema hapana, lilikuwa la rais, baba yake alilisukuma lilipokwama. Mrundi mmoja aliapa kwamba yalikuwa mawili, moja lipo ziwani mpaka leo. Kila Jumapili gari liliongezeka mwendo, na lilipofika mahali pa kuruka mto bila daraja niliacha kuuliza. Wazee wetu husema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Hilo halikuwepo na wala halikuwa njiani.

Nikarudi kwa bibi mikono mitupu. Alinishukuru, lakini nilimwona amepungua. Alikuwa ameanza kuacha chakula sahanini.

Hapa lazima nimlete mama mkwe wangu. Mume wangu alifanikiwa kumleta kutoka Bukavu mwaka mmoja kabla ya hayo, na nilishangilia kwenye uwanja wa ndege wa Arlanda kama watu wengine. Nyumbani ikawa kazi. Mume wangu alikuwa anafanya usafi wa ndege kule Märsta, anaondoka kabla hatujaamka, mimi niko kwa wazee, watoto shuleni, na wakirudi anawasemesha Kiswahili wanamjibu Kiswidi. Mama alikuwa anakaa na jiko lisilo na moto. Jiko la kioo! Sufuria haliungui, halishiki masizi, haliwi jeusi. Sasa mwanamke atajulikanaje kama ni msafi? Kwetu sufuria zinaning'inizwa ukutani na mgeni anajiona uso humo. Basi majira ya kuchipua, theluji ilipoyeyuka, Mama aliteremka barabarani na ndoo, akazoa ule mchanga ambao manispaa huumwaga watu wasiteleze, akauchekecha kwa kichujio changu cha chai, akasugua sufuria ambazo hazikuwa na doa. Jirani walichungulia. Binti yangu akasema "Farmor, nej!", yaani bibi, usifanye hivyo, na kufunga pazia. Mimi nilinyamaza, kwa sababu mama mkwe hasemeshwi ovyo, lakini nilinyamaza kwa kelele, nikifunga makabati kwa nguvu.

Nilimpeleka Saltsjöbaden ili nipumzike, huo ndio ukweli. Nikasema wazee wawili wa milima ileile watapata la kuongea. Walipata. Siku ya kwanza Mama alimwita "Madamu" na kuinama, kama zamani za misheni. Siku ya pili walikuwa wanateta juu ya mke wa mchungaji mmoja aliyekufa zamani. Bibi akala sahani yote. Nikaanza kwenda na Mama kila Alhamisi, nje ya zamu yangu.

Alhamisi moja nilikuwa juu namsuka bibi nywele zake nyeupe, Mama amesema anateremka kuangalia bustani. Akakawia. Nikasikia kutoka chini sauti ninayoijua hata usingizini: shwaa, shwaa, shwaa. Mchanga kwenye alumini.

Sikumbuki nilivyoshuka. Mlango wa gereji haukuwa umefungwa, na buti la gari lilikuwa wazi. Mtaalamu alikuwa ameliegemeza kijiti ili liingie hewa, akamwachia bibi amri moja tu, kwamba asiguse mtu kitu chochote, hata vumbi, maana hata vumbi lile lina historia. Na hasa ndani ya buti, upande wa madigadi ya nyuma, palikuwa na kiraka kilichopakwa lami nene nyeusi. Kile, alisema, watakifungua wao wenyewe Turin, polepole, kwa dawa. Sasa ndani ya buti alikuwemo mama mkwe wangu, nusu ya mwili, makalio nje, ndoo ya mchanga wa kumwaga kwenye ngazi pembeni yake, anasugua.

Nikapiga kelele. Sisemi niliinua sauti. Nilipiga kelele, mimi mwanamke niliyeolewa kwa mahari na baraka, nikamfokea mama wa mume wangu kwamba ametuua, ameharibu kitu ambacho dunia nzima hakina ndugu, kwamba nitafukuzwa kazi, kwamba hata huku Ulaya hawezi kukaa bila kusugua! Akatoka humo taratibu. Mikono yake ilikuwa myeusi mpaka kwenye viwiko. Alinitazama bila hasira, na hilo likanichoma zaidi.

"Niliona sufuria iko muchafu," akasema.

"Sufuria gani, Mama? Hilo ni gari!"

"Mimi sijui motokari. Niliona sufuria. Iko muchafu, tena mu nyumba ya Madamu, mutu mwema. Ningeiacha?"

Bibi alikuwa amefika mlangoni na kitembezi chake, pumzi zimemwisha. Nilianza kumwomba radhi. Akaninyamazisha kwa mkono, akasogea, akaangalia ndani ya buti. Nami nikaangalia.

Ilikuwa sufuria. Fundi fulani alikuwa amelikata sufuria kubwa la alumini, lile la kupikia harusini, akachukua kitako na bega lake, na mviringo wa sufuria na mviringo wa madigadi vikaelewana kana kwamba vimezaliwa pamoja, akalibana kwa ribiti akapaka lami juu. Mama alikuwa ameona ukingo wake tu chini ya lami, lakini mwanamke aliyekoroga ugali wa msiba na wa harusi miaka hamsini hahitaji zaidi ya ukingo. Na pale katikati, alipopasugua, palikuwa pameng'aa kama kioo, na kwenye mng'aro huo palikuwa na nukta. Nukta za msumari, zimepangwa kufanya kikombe kidogo chenye mkono wake.

"Njo alama ya mwenyewe," Mama akasema, yaani ndiyo alama ya mwenye sufuria.

Bibi hakuelewa, na mtaalamu asingeelewa hata kwa dawa zote za Turin, lakini mimi nilielewa, na hasira yangu ikatafuta mahali pa kujificha. Kwetu sufuria kubwa hazikai nyumbani. Zinaazimwa: leo harusi, kesho matanga, keshokutwa ubatizo. Zikirundikana kwenye jiko la watu, utajuaje lako? Kwa hiyo kila nyumba inachukua msumari na jiwe, inapiga alama yake kitakoni. Kwetu ilikuwa samaki. Kwa Mama ni nyota. Na nyumba ya kikombe, katika nchi ya kahawa, haikuwa ngumu kukisia, ila kukisia si kujua.

Nilimwandikia mtaalamu siku hiyohiyo na kumweleza yote, nikatuma picha. Nilikuwa najiandaa kutukanwa kwa Kiitaliano. Jibu lake lilikuwa fupi. Alisema gari halikuharibika, kwamba kiraka hicho hakikutoka Turin na yeye hakuwa na la kusema juu yake, atafurahi sana akifundishwa; na aliomba, kama inawezekana, mama asiendelee na sehemu nyingine. Nilikaa kwenye ngazi za jengo letu nikacheka peke yangu. Kisha nikaenda kumwomba mama mkwe msamaha, kwa magoti, maana kwa kiti usingetosha. Akasema, "Simama, mama wa batoto. Hasira ni hasara. Sasa tutafute mwenye sufuria."

Na hapo ndipo aliponionyesha kosa la upelelezi wangu wote. Nilikuwa nimeuliza habari za gari, na gari ni la wanaume, na wanaume wanakumbuka wanavyotaka. Yeye aliuliza habari za sufuria. Alichukua simu na kadi za kupigia, akaketi kwenye kochi, akawapigia wanawake tu: shoga yake Bukavu, dada wa shoga, mama fulani aliyehamia Bujumbura. Kila mmoja aliulizwa swali lilelile: nyumba gani ilikuwa na sufuria za kikombe? Hakuna mwanamke anayesahau sufuria, hasa lile ambalo halikurudi. Mmoja alikumbuka kwamba sufuria za kikombe zilipika harusi ya shangazi yake, kule kwenye shamba la Mtaliano. Mwingine alimjua mpishi wa Mtaliano. Wa tatu alijua binti wa mpishi yuko hai, yuko Uvira, na akasema tumngoje, anakwenda kwa miguu kumwambia.

Zile siku za kungoja zilikuwa mbaya. Bibi hakulala vizuri. Alikuwa ameamua kwamba likiwa ni la wizi atasimama kanisani kwao, na kitembezi chake, aseme mbele ya watu. Nilimwambia si lazima. Akaniambia, "Ni lazima kwangu." Mimi nilianza kumchukia yule fundi aliyekufa, na nilikuwa nakanyaga ngazi zake kwa hasira.

Kwanza ikaja picha, iliyotumwa na mjukuu wa mtu kutoka duka la intaneti: sufuria mbili zimepinduliwa juu ya meza, kila moja na kikombe cha nukta kitakoni. Kisha tukapiga simu. Tulikuwa watatu mezani Saltsjöbaden, kahawa imepoa, simu imelazwa katikati na sauti imefunguliwa. Sauti ya mwanamke mzee ikaja, na nyuma yake jogoo.

Mama akamsalimia kirefu, kama inavyotakiwa, akamuuliza hali ya nyumba na ya mvua, mpaka nikatamani kuinyakua simu. Ndipo akauliza habari za sufuria la tatu.

"Lile kubwa?" akasema binti wa mpishi. "Lile njo baba yangu alililia mpaka kufa! Sikiliza, dada. Yule Mutaliano alikuwa anarudi kwao, bitu bimeharibika. Ile motokari yake ilikuwa imepasuka ku nyuma, aligonga jiwe. Akaita fundi wa shamba. Fundi akasema hakuna bati ya namna hii mu Kivu yote. Mutaliano akaingia mwenyewe mu jiko, akachukua sufuria ya baba, akasema, kateni hii. Baba akasema, bwana, hii ni ya harusi! Akamujibu: siwezi kumupa mutu zawadi iko na tundu."

Bibi aliweka mkono juu ya meza. "Mutu gani?" akauliza, karibu na simu. "Alimupa nani?"

"Ni nani anauliza?"

"Ni Madamu wa misheni," Mama akasema. "Muke wa fundi Muzungu."

Jogoo akawika tena. Kisha yule mwanamke akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyerudishwa utotoni.

"Madamu! Bwana yako! Si alimuchukua Mutaliano na malaria yake mu kamio, ile lori ya misheni, barabara imekatika, akamufikisha ku hospitali, akakaa naye mpaka akapona? Njo maana akamupa motokari. Na bwana yako akakataa! Mimi nilikuwa mutoto, nilikuwa palepale ku mulango. Anamupa ufunguo, yeye anarudisha. Anamupa, anarudisha. Anarudi kinyumenyume kama mutu ameona nyoka, anasema, 'Si yangu! Si yangu! Ile motokari si yangu!' Mpaka Mutaliano akamutia ufunguo mu mufuko ya shati kwa nguvu. Kwetu ikabaki mchezo. Mugeni akiona haya kula, baba anamuambia, 'Si yangu, si yangu,' na sisi tunacheka."

Hatukuwa tumemwambia mtu maneno hayo. Wala Vårby gård, wala Bukavu, wala Mama mwenyewe hakuwa akiyajua; bibi alinipa mimi peke yangu.

Bibi hakulia. Alifunika uso kwa mikono yake miwili, akakaa hivyo, na mabega yake yakashuka, yakashuka tena, kama mtu anayetuliwa mzigo kwa mafungu. "Alikuwa anakataa," akasema nyuma ya mikono. "Mupumbavu yangu. Alikuwa angali anakataa."

"Madamu," Mama akasema, akimsukumia kikombe, "mutu anaibiwa motokari, kisha anatoa sufuria yake ya kuziba tundu? Kunywa kahawa."

Tukadhani mazungumzo yamekwisha. Lakini simu ikaita kutoka mezani, "Dada! Na sufuria ya baba yangu muta­irudisha siku gani?"

Hilo lilikuwa jambo la haki na halikuwa na mjadala. Nilinunua sufuria kubwa kuliko yote niliyoyaona katika mji huu, kwenye duka la vyombo vya mahoteli, na Mama akalipindua kwenye sakafu yetu ya Fisksätra, akachukua msumari na nyundo, akapiga kikombe na mkono wake, nukta kwa nukta, mpaka jirani wa chini akapanda kuuliza kuna nini. Nilimwambia jirani ni mambo ya kifamilia. Lilisafiri na muumini mmoja aliyekuwa anakwenda Bujumbura, limejazwa nguo za watoto, na mume wangu alilisindikiza hadi Arlanda kama mgeni wa heshima.

Mtaalamu alikuja kulichukua gari mwanzo wa kiangazi. Alipiga magoti tena, safari hii mbele ya kiraka, akamwuliza Mama kwa ishara kama anaweza kukipiga picha. Alisema hawatakiondoa, gari litasimama kwenye jumba la makumbusho na sufuria lake ndani, na limeng'arishwa hivyohivyo. Mama aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyelipwa sawasawa. Penye wazee haliharibiki neno, nilifikiri, hata wakiwa na ndoo ya mchanga.

Kisha mtaalamu akatoa karatasi ya kukabidhi, akaonyesha mahali pa jina la mwenye gari. Bibi alikuwa amekaa kwenye kiti cha bustani chini ya jua, amekula vizuri, nywele nimemsuka mwenyewe. Alichukua kalamu. Akatutazama mimi na Mama, na uso wake ukaanza kuchekacheka.

"Si yangu," akasema, anairudisha kalamu. "Si yangu! Ile motokari si yangu!"

Mtaalamu akashtuka, hakujua ashike nini. Mama alikuwa ameegemea ukuta anajifuta machozi kwa kanga. Mimi niliichukua ile kalamu, nikamtia bibi mfukoni mwa blauzi yake, kwa nguvu. Akaitoa, akatia saini.